Maswali ya Wasomaji: Soma ramani kabla hujabeba karai

Barua nyingi tulizopokea zinahusu jambo moja: ramani, na namna ya kuitumia kutafuta dhahabu ya mchanga. Tumezifupisha, majibu tumeyaacha na urefu wake.

Mimi ni mwalimu hapa Mbeya mjini. Nimenunua karai na ndoo nikaoshe mchanga wa makorongo ya Chunya siku za Jumamosi, kwa kujifurahisha tu, si biashara. Nianze na ramani ipi?
*Mwalimu, Mbeya*

Mwalimu, anza na ramani ya leseni. Ramani ya miamba na ya mito zitafuata. Sheria ya Madini ya Tanzania haimtofautishi anayetafuta dhahabu kwa kujifurahisha na anayeitafuta kwa njaa. Bila haki ya madini, kutafuta ni kosa, hata kama ulichopata kinaenea kwenye ukucha.

Tume ya Madini ina ramani ya leseni mtandaoni. Ifungue, sogeza hadi Chunya, utaona vitalu vimebanana kama vigae vya sakafu, kila kimoja na namba yake. Vile vidogo ni leseni za uchimbaji mdogo, zile ambazo kila mtu anaziita PML, na haizidi hekta 10 kila moja. Yale mapande makubwa ni ya utafutaji au ya kampuni. Chagua PML iliyopakana na korongo, andika namba yake, nenda nayo kwa Afisa Madini Mkazi ukaulize ni ya nani na iko hai hadi lini. Kisha zungumza na mwenyewe, muandikishane: siku zipi, vifaa gani (karai, sepetu na ndoo, basi), na dhahabu ikipatikana inaingia kwenye hesabu za nani. Wenye leseni wengi hawana shida na mtu wa karai moja. Shida yao ni mtu anayekuja na karai moja leo, kesho akarudi na pampu na vijana sita.

Halafu kuna mstari ambao ramani ya leseni haikuchorei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye ramani ya 1:50,000 hiyo ni milimita moja na ushei, unene wa kalamu ya wino mzito. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kitalu kikigusa mto basi mto wote umeruhusiwa. Muulize Afisa Madini kuhusu korongo lenyewe kwa jina, akuambie.

Ninayo karatasi ya ramani ya 1:50,000 ya eneo letu. Naona rangi, mistari ya kahawia na mito ya buluu, lakini dhahabu siioni. Wanaosema "soma ramani" wanasoma nini hasa?
*Msomaji, Makongolosi*

Wanasoma mahali maji yanapochoka. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Maji yenye nguvu huvibeba vyote pamoja. Yakipungua nguvu, dhahabu ndiyo ya kwanza kutuliwa. Ile mistari ya kahawia, yaani kontua, inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ndiyo inayokwambia nguvu inapungua wapi.

Chukua rula. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Tazama ufunguo pembeni ujue kontua zako zinapandana kwa mita 20 au, kama karatasi ni ya zamani, kwa futi 50. Tuseme ni mita 20. Sasa fuata korongo moja kutoka mlimani na utie alama ya penseli kila kontua inapolikatiza. Ukikuta kontua tatu ndani ya sentimita 2, korongo linashuka mita 40 kwa kilomita moja. Hapo maji ya masika yanakimbia kama yanafukuzwa, hakuna kitu kitakachobaki isipokuwa kwenye nyufa za mwamba. Kontua inayofuata ukiikuta sentimita 6 mbele, mteremko umekuwa mita 20 kwa kilomita tatu. Pale kasi inapovunjika, zungushia duara. Usizungushie katikati ya tambarare. Duara linakaa mwanzoni mwake, kwenye ile nusu kilomita ya kwanza baada ya mteremko kulegea. Mbele ya hapo utapata vumbi la dhahabu tu, na kazi ya kulitenganisha itakumaliza.

Baada ya kontua tafuta kona. Mto ukijipinda, maji ya kasi hupiga ukingo wa nje na kuula. Upande wa ndani hujenga ulimi wa changarawe. Dhahabu hukaa zaidi kwenye kichwa cha ulimi huo, upande wa juu yanakotoka maji. Ramani itakuonyesha kona, ulimi utauona ukifika. Tafuta pia mahali makorongo mawili yanapokutana, na mahali bonde linapobanwa kati ya vilima viwili halafu likafunguka.

Ramani ya 1:50,000 ina upofu wake, na ni vizuri kuujua. Ngazi ya changarawe ya kale iliyokaa mita 4 juu ya mto wa leo haionekani kabisa kati ya kontua za mita 20, ilhali ngazi hizo wakati mwingine ndizo tajiri kuliko mto wenyewe. Hizo zitafute kwa miguu: changarawe zilizosuguliwa zikawa duara, zimelala juu ya ukingo mahali ambapo maji ya leo hayafiki hata mwaka wa mafuriko.

Sasa ramani ya pili, ya jiolojia. GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, inauza karatasi wanazoziita QDS. Karatasi moja ni nusu digrii kwa nusu digrii, kama kilomita 55 kila upande, na inafunika karatasi nne za 1:50,000. Ndiyo maana karatasi yako ina namba, mkwaju, kisha 1, 2, 3 au 4: namba ya mbele ndiyo ya QDS yako. Iweke karibu, utafute mistari ya mishipa ya kwatzi (lile jiwe gumu jeupe) na ya mipasuko ya miamba, uihamishie kwa penseli kwenye karatasi ya mito. Korongo linalokatiza mistari hiyo, halafu likalegea ndani ya kilomita moja au mbili, ndilo la kuanzia. Korongo lenye mlegeo mzuri lakini halijapita kwenye mwamba wenye dhahabu ni mchanga wa kujengea.

Angalizo kwa wanaotoka Kanda ya Ziwa. Geita na Nyamongo mmezoea kufuata ukanda wa miamba ya kijani, na mmezoea vyema. Lupa, yaani eneo la dhahabu la huku Chunya, si hivyo. Huku dhahabu imo kwenye mishipa ya kwatzi na mipasuko iliyopita ndani ya matale (graniti) na miamba jamaa yake. Ukija Chunya ukawa unatafuta rangi ya kijani kwenye QDS utaruka maeneo yaliyowavuta maelfu ya watu miaka ya 1930.

Nilichukua namba za eneo kutoka ramani ya zamani, nikaziingiza kwenye simu, nikachimba shimo la majaribio. Akaja jirani na karatasi yake, kumbe niko kwenye kitalu chake. Simu ilikosea?
*Mchimbaji mdogo, Geita*

Simu haikukosea, na ramani haikukosea. Hazisemi lugha moja. Karatasi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa datamu (msingi ambao ramani huhesabia namba za mahali) iitwayo Arc 1960. Simu yako, kama haikuguswa, inatumia WGS84. Namba zilezile za gridi ukizitoa kwenye Arc 1960 na kuziingiza kwenye WGS84 bila kuzigeuza, utasimama kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kidogo magharibi.

Mita 300 ni nini? Kitalu cha hekta 10 kikiwa mraba, kila upande una mita 316. Yaani umehama kitalu kizima! Kwenye karatasi kitalu hicho ni milimita 6 tu, kwa hiyo kwa macho huwezi kuona kosa. Alama inaonekana imekaa vizuri kabisa.

Dawa yake ni hii. Kwenye kifaa cha mkononi cha GPS ingia kwenye mpangilio, sehemu ya datamu, chagua Arc 1960 unapofanya kazi na karatasi hiyo, na ukimaliza rudisha WGS84. Kusahau kurudisha ndilo kosa la pili kwa wingi. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya QGIS inageuza yenyewe ukiiambia ukweli: Geita na Chunya ziko ukanda wa 36 wa gridi ya UTM, kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa namba ambazo programu hutambulia mifumo ya ramani, Arc 1960 ni EPSG:21036 na WGS84 ni EPSG:32736. Ukivuka digrii 36 mashariki, ukanda ni wa 37 na namba zinakuwa 21037 na 32737.

Ukitaka kuipachika picha ya ramani ya karatasi ndani ya QGIS, tumia pembe nne ambazo digrii zake zimechapishwa, uongeze misalaba ya gridi miwili mitatu ya katikati. Usitumie vibanda wala njia za miguu, vimehama tangu ramani ichorwe. Piga picha karatasi ikiwa imenyooshwa mezani na kubanwa na kioo, kwani mkunjo mmoja unaweza kuisogeza mito. Programu ikikuambia kosa la wastani limezidi mita 50, rudia, maana hiyo ni milimita nzima kwenye karatasi.

Leseni yako nayo itazame imeandikwa datamu ipi kabla ya kupigilia bikoni. Kama haikuandikwa, uliza ofisini. Na kwa jirani yako nenda na maelezo haya, fukia shimo, mmalizane.

Nimeona tangazo la programu ya simu "inayoonyesha dhahabu iliyoko chini ya ardhi kwa setelaiti". Inafaa?
*Msomaji, Kahama*

Hapana. Setelaiti inaona uso wa ardhi: rangi ya udongo, majani, mashimo. Chembe ya dhahabu iliyo mita moja chini ya changarawe haionwi na setelaiti yoyote. Hela hiyo nunua QDS.

Huku kwetu wazee husema wazungu walichimba sana. Ninaweza kutumia picha za setelaiti kujua walichimba wapi, nikapiga karai mtoni chini ya hapo?
*Msomaji, Kakamega*

Unaweza, na Kakamega ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu mbio za dhahabu za mwanzoni mwa miaka ya 1930 ziliacha alama nyingi na mgodi wa Rosterman ulifungwa tangu 1952. Jina limebaki kuwa la mtaa. Lakini mvua na miwa vimefunika mengi. Kwenye Google Earth tumia kile kitelezi cha picha za miaka iliyopita, utafute picha za Januari na Februari: mawingu machache, majani yamekauka, udongo uliogeuzwa unaonekana mweupe au wa manjano katikati ya kahawia.

Usihesabu mashimo, angalia yamejipangaje. Mashimo yaliyofuatana kwenye mstari, hata ukikatika na kuendelea ng'ambo ya barabara, yanafuata mshipa. Mashimo yaliyotapakaa bondeni bila mpango ni ya watu waliokuwa wakiosha mchanga. Ule mstari ndio wenye faida kwako. Uchore, uteremke nao hadi kijito cha kwanza kilicho chini yake, hapo ndipo pa kuonja. Mkono mwingine shika karatasi ya zamani ya 1:50,000: mara nyingi ina maandishi madogo yanayotaja machimbo yaliyoachwa, na barabara zilizokwenda huko ambazo leo ni mipaka ya mashamba.

Mambo mawili yasikupite. La kwanza, ardhi hiyo ni mashamba ya watu, na Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inataka kibali hata kwa mchimbaji wa mkono. Ridhaa ya mwenye shamba haitoshi peke yake, na kibali bila ridhaa yake ni ugomvi. Ndani ya msitu wa Kakamega usiingie na sepetu.

La pili ni zebaki. Chini ya machimbo yoyote ya kale au mialo ya kuoshea, chembe unayoikuta inaweza kuwa na rangi ya fedha badala ya manjano. Hiyo imeshikana na zebaki. Usiichome jikoni, usiichome nje, usiichome kabisa. Mvuke wake ni sumu, na hauna harufu ya kukuonya. Iweke kwenye chupa ndogo yenye maji na kifuniko kinachokaza, uandike juu, watoto wasiifikie. Chembe chache za rangi hiyo ni sababu tosha ya kuhama kijito.

Ninaishi Aurora, Colorado. Wenzangu kazini wanakwenda kuosha dhahabu mtoni kama sisi tunavyokwenda kuvua. Huku ramani zao ni tofauti. Nifanyeje nisiingie kwa mtu?
*Msomaji, Marekani*

Bahati yako, unaishi kwenye mfano wenyewe wa lile jibu la kontua. Mwaka 1859 dhahabu ilipatikana Idaho Springs na upande wa Central City, juu milimani. Kijito cha Clear Creek kinakusanya maji ya kote huko, kinapita kwenye korongo jembamba lenye mteremko mkali, halafu pale Golden kinatoka kwenye kinywa cha korongo na kuingia tambarare. Fungua karatasi ya 1:24,000 ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, uangalie: kontua zilizosongamana zinaachana ghafla. Watu wanaosha karai chini ya hapo mpaka leo.

Karatasi hizo ni za bure mtandaoni, pamoja na matoleo ya kale. Pakua yote mawili. Kwenye toleo la kale tafuta alama ya sururu mbili zilizopishana: hapo palikuwa na machimbo. Alama ndogo ya X peke yake ni mahali palipojaribiwa tu. USGS pia ina orodha ya machimbo iitwayo MRDS. Itumie kwa tahadhari: haijasasishwa kwa utaratibu tangu 2011, na nukta zake nyingine zimekaa bonde la jirani.

Kuhusu kuingia kwa mtu, kwenye ardhi ya umma mtu anaweza kuwa na kitalu cha madini kisicho na uzio. Kitalu cha dhahabu ya mchanga cha mtu mmoja ni hadi ekari 20. Kumbukumbu zake ziko kwa BLM, idara ya ardhi ya umma, kwenye mfumo wao wa mtandaoni uitwao MLRS, lakini zimepangwa kwa anwani ya mraba. Nchi imekatwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mmoja ukagawanywa vipande 36 vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640, na kila kipande robo nne. Soma anwani ya mto wako kwenye ramani, iweke kwenye mfumo. Jibu likija kwamba kuna kitalu kwenye robo ile, bado hujajua kimekaa upande gani: robo ina ekari 160, kitalu ekari 20. Mipaka yenyewe iko kwenye hati iliyosajiliwa ofisi ya kaunti, na ardhini kuna nguzo za pembe. Zitafute kabla ya kuweka karai majini.

Ada ya mwaka ya vitalu hivyo inatakiwa kulipwa kabla au ifikapo Septemba 1, na asiyelipa hukipoteza. Kwa hiyo orodha uliyoitazama Julai si ya kuaminiwa Oktoba. Itazame upya.

Kwa karai na koleo la mkono, misitu ya taifa na ardhi ya BLM kwa kawaida hazihitaji kibali, ingawa baadhi ya maeneo yana masharti yake. Hifadhi za taifa karibu zote ni marufuku. Mbuga za miji na kaunti kila moja ina kanuni zake, zimebandikwa langoni. Zisome hata kama mwenzako wa kazini amesema hakuna shida.

Niliosha sehemu tano, nikapata chembe sehemu tatu. Sasa?
*Msomaji, Migori*

Inategemea kama ulipima sawa, na tunashuku hukupima. Ndoo iwe ya lita 10, ijae hadi mstari uleule kila mara, changarawe ichotwe kutoka chini kabisa, juu ya mwamba au juu ya tabaka la mfinyanzi. Ile ya juu ichekeche iende zake. Chembe tatu za ndoo moja si sawa na chembe tatu za ndoo nne.

Ukishaonja sawa, andika idadi kwenye ramani penye nukta, siyo kwenye daftari la pembeni. Panda na mto. Ukifika makutano, onja kila tawi kama mita 50 juu ya makutano, mbali na mchanga uliochanganyika. Tawi lenye sifuri liache. Endelea na lenye chembe mpaka zikatike. Kati ya nukta ya mwisho yenye chembe na ya kwanza yenye sifuri ndipo dhahabu inapoingilia mtoni, kutoka ukingo mmojawapo. Sifuri nazo ziandike, wengi huziruka halafu mwezi ujao wanaosha palepale. Na tazama umbo: chembe iliyolainika na kuwa bapa imesafiri, yenye kingo za kukwaruza bado iko karibu na kwao.

Ramani yangu ya karatasi ililowa mtoni, namba zote nilizoandika zikafutika.
*Msomaji, Chunya*

Kalamu ya wino hiyo. Tumia penseli ya HB, na ramani itie kwenye mfuko wa plastiki mzito ikiwa imekunjwa mara moja tu, upande unaofanyia kazi ukiangalia nje. Usiku piga picha.